Rafiki wa Kaka Anauliza Bei

4 Machi

Kwa mwokaji wa mawe,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Siku ile uliposema tubandike mawe yako ya saruji kwenye kaburi la baba, niliapa mbele ya shangazi kwamba sitazungumza nawe tena maishani, na sijazungumza. Lakini sikuapa kwamba sitaandika. Kwa hiyo kaa chini usome, na barua hii usimwonyeshe mtu.

Mimi ni mzima. Mgongo hauna neno. Shemeji yako naye hajambo, ila hajui kama nakuandikia, na wewe usimwambie.

Ninaandika kwa niaba ya rafiki yangu mmoja ambaye humjui. Ni mwashi kama mimi, mtu mwenye heshima zake, tangu ujana anajenga kwa jiwe lililotoka ardhini. Sasa amepata kazi kwa daktari wa meno anayetaka ukuta wa mbele wa kliniki yake ubandikwe hayo makorokoro unayoyamimina kwenye kalibu kama keki. Rafiki yangu alijaribu kumweleza daktari maana ya jiwe la kweli. Daktari akamjibu kwamba kliniki iko ghorofani, juu ya duka la viatu, ukuta wenyewe ni wa matofali membamba, na jiwe la kweli litashuka na ukuta mzima hadi kwenye viatu vya watu.

Ameulizia maduka mawili. Hapa bei hii, pale karibu mara mbili, na kote ni saruji na mchanga na rangi. Muuzaji wa bei ghali alipoulizwa sababu alisema "ni ubora, mzee", kisha akaendelea kuchezea simu yake. Rafiki yangu si mtu wa kuambiwa "ni ubora, mzee". Mweleze kwa ufupi, bila kutia chumvi. Jibu lako mpe dereva wa lori la saruji anayepita kwenu.

Kaka yako,
Mwashi


9 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua kiapo hakikuruhusu kuitikia, kwa hiyo nimejiitikia mwenyewe na tuendelee.

Nimefurahi kusikia mgongo hauna neno. Mara ya mwisho kukuona ulikuwa unaokota kijiko kwa awamu tatu, nikadhani labda unakiheshimu.

Sasa mwambie rafiki yako hivi. Yule muuzaji hakumdanganya, alikuwa mvivu tu wa kueleza. Saruji ni ileile, ila mmoja anaijaza na mwingine anainyunyiza kama chumvi ya mgonjwa. Ndani yake tunatia kokoto nyepesi zenye matundu, ndiyo maana jiwe haliulemei ukuta, na kokoto hizo zinatoka mbali, haziuzwi kwa bei ya mchanga. Halafu kuna subira. Jiwe langu zuri nalifunika na kulimwagia maji karibu mwezi mzima kabla halijaona lori. Mwenye haraka analianika juani siku chache, anauza, na mvua ya kwanza inamletea mteja mlangoni na vipande mkononi.

Rangi ndiyo inayokula pesa kuliko vyote. Ukiichanganya na saruji tangu mwanzo, jiwe linakuwa na rangi hadi tumboni. Ukiipulizia usoni tu unaokoa sana, lakini usije ukalikwaruza. Na kuna kalibu yenyewe. Kalibu ni ya mpira. Ikiwa mpya inashika kila alama ya jiwe lililotumika kuitengenezea, ikichakaa inatoa sura laini kama sabuni iliyoogewa wiki nzima. Mimi nina daraja la kwanza na daraja la pili, na tofauti zao ni hizo.

Rafiki yako anataka lipi? Na anaumwa wapi, kama anaumwa?

Mdogo wako,
Mwokaji


15 Machi

Mwokaji,

Nani kasema anaumwa? Rafiki yangu ana nguvu kama punda.

Anataka daraja la pili. Ukuta uko juu, na watu wanaingia pale wameshika mashavu, hakuna atakayesimama kukagua. Rangi ya tumboni ya nini? Nani anapasua jiwe ukutani kuangalia tumbo lake?

Mawe ya kona pia usimletee. Nimeona mnayauza ghali kuliko mengine, eti kwa sababu yana pande mbili. Rafiki yangu ana tindo na nyundo, kona atazichonga mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina.

Vipimo na malipo anavyo dereva.

Mwashi


22 Machi

Kaka,

Shikamoo, marahaba.

Mzigo huo. Ndani ya kila boksi kuna karatasi ya maelekezo. Mwombe rafiki yako aisome hata kama anajua kila kitu, na hasa kama anajua kila kitu. Haya mawe hayajengwi, yanabandikwa, na mtu aliyezoea kujenga ndiye anayepata nayo taabu zaidi.

Kona nimemwekea bure boksi moja. Akichukia azitupe.

Mwokaji


2 Aprili

Mwokaji,

Mawe yako yana ugonjwa.

Rafiki yangu alianza kazi Jumatatu. Jiwe la kwanza alilishika kama mtu anavyoshika jiwe, akavuta pumzi, akanyanyua kwa nguvu zote, likapaa likampiga puani. Ulisema haliulemei ukuta. Hukusema kwamba linaruka.

Karatasi ya maelekezo aliikunja akaiweka chini ya mguu wa jukwaa uliokuwa unacheza, na pale ilifanya kazi nzuri. Akajenga kutoka chini kwenda juu kama walimwengu wote. Kila jiwe kabla ya kuliweka alilitafutia uso, akaligonga mara tatu nne likae sawa na mwenzake. Mkono unafanya wenyewe, hata ukimwamsha usingizini atagonga. Kumbe kila alipogonga, ngozi ya rangi ilibanduka, na chini yake ni kijivu tupu. Kona alizojaribu kuchonga zimekuwa vumbi. Saruji ya mistari ya juu nayo ikachuruzika juu ya mawe ya chini ikakaukia hapo, na ukuta sasa unaonekana umetapikiwa.

Daktari alitoka nje na kitambaa chake cha mdomoni, akautazama, akaanza kuonyesha kwa kidole: hili limetoboka, hili la kuziba, hili la kung'oa. Hakuwa anatania. Amempa rafiki yangu hadi mwisho wa mwezi awe ameurekebisha, la sivyo atamwita mtu mwingine.

Rafiki yangu hajala vizuri tangu siku hiyo. Nataka jibu, na mzaha wako uuweke kando.

Mwashi


3 Aprili

Shemeji,

Hujambo? Nakuandikia mimi, mke wa yule rafiki.

Barua zako nazisoma zote, maana anazificha chini ya godoro, na godoro lenyewe halilalii. Tangu mwaka jana analala sakafuni, ndiko anakopata nafuu. Asubuhi namvuta kwa mikono miwili mpaka asimame, kisha ananiambia ahsante, sasa niache, watu wasituone. Watu gani, shemeji, tuko chumbani.

Msimamizi wa mwisho aliyempa kazi alimkuta ameinama juu ya jiwe na hawezi kuinuka. Akamwambia kwa upole akae kivulini ahesabu mifuko. Alihesabu hadi saa ya kutoka, akarudi nyumbani, na kule hakukanyaga tena. Hii kazi ya daktari ndiyo ya kwanza tangu hapo, na ndiyo pekee anayoiweza, kwa sababu mawe yako hata mimi nayanyanyua kwa mkono mmoja. Hilo hawezi kulitamka. Amesema ikimshinda na hii, atauza nyundo na tindo zote. Akiuza nitabaki na mwanamume wa kukaa mlangoni akikosoa kuta za watu, na mtaa wetu una kuta nyingi.

Bure hapokei. Ukimpa bure atakurudishia mzigo hata kwa kuubeba kichwani, na hicho ndicho kitakachommaliza. Tafuta njia. Tangu utoto wenu wewe ndiye uliyekuwa unajua kumdanganya vizuri. Namwonea huruma, shemeji, na pia nimechoka kumsikia akigombana na dari.

Barua hii ichome.

Shemeji yako


7 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mwambie rafiki yako anisamehe sana.

Nimevichunguza vipande alivyoleta dereva. Mzigo ule ulitoka hapa kabla haujakomaa. Tulikuwa na haraka, tukachanganya tarehe. Jiwe lililokomaa lingestahimili nyundo ya mwashi yeyote, sembuse mwashi mwenye adabu kama yeye. Kosa ni letu, na karakana hii ina sheria: tukikosea, mteja anarudishiwa mzigo wa daraja la kwanza na halipi kitu. Ni sheria ya zamani sana.

Haya ninayomtumia yalikuwa ya benki moja. Yamekaa majini mwezi mzima, yana rangi hadi tumboni, na yametoka kwenye kalibu mpya kabisa. Benki itasubiri, wao wana viyoyozi.

Lakini naye anisikilize. Ukuta aubandue wote, akwangue lipu iwe na meno ya kushikia. Aanze na kona, zile nilizozimwaga mimi mwenyewe. Ashuke kutoka juu kwenda chini, saruji isichuruzikie kazi iliyokwisha. Nyundo asiiguse. Akitaka kupunguza jiwe aligeuze, alikate kwa nyuma kwa msumeno. Na achanganye mawe kutoka maboksi mbalimbali, asiweke jirani mawili ya sura moja. Jicho la mtu linakamata pacha upesi sana, na hapo ndipo ukuta unapojulikana ni wa kununua.

Mwokaji


7 Aprili, jioni

Shemeji,

Mzigo umeondoka. Nakuomba uwe karibu naye atakapofungua boksi la kwanza. Kuna jambo ambalo sikulifikiria mpaka lori lilipokwisha kupinda kona.

Shemeji yako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Hakuna rafiki. Ni mimi. Nadhani ulijua, na kama hukujua basi wewe ni mjinga kuliko nilivyowaambia watu.

Ukuta umekwisha. Daktari ameridhika. Ameniingiza ndani akanionyesha meno yake mawili ya mbele, akaniambia nayo ni ya kubandika, na miaka yote hii hakuna mgonjwa aliyegundua. Lakini sikuandikii kwa ajili ya meno yake.

Nilifungua boksi la kwanza, nikachukua jiwe, nikapitisha kidole gumba juu yake kama ninavyofanya siku zote. Alama za tindo zilikuwa zimeinamia upande usio wa watu wengine, na kila alama ilikuwa na mstari mwembamba pembeni, kama ukucha umepita. Mimi natumia mkono wa kushoto. Tindo yangu kubwa ina pengo kwenye ncha tangu ilipoanguka kisimani, na sijawahi kulinoa likaisha kwa sababu kila mtu aliniambia nilinoe. Hakuna mwashi mwingine duniani mwenye shoto ile, na pengo lile, na ubishi ule. Jiwe lile nililichonga mimi. Na la pili yake. Boksi zima ni mkono wangu, umemwagwa kwa saruji.

Kwenye mzigo wa kwanza sikuona kitu, sura zilikuwa zimefutika kwa kalibu chakavu. Wewe ulijua. Umechukua kazi yangu bila hodi ukaizamisha kwenye mpira, ukawa unaiuza, na mimi huku nakuita mwokaji mbele za watu. Nilikaa juu ya jukwaa nikakugombeza jiwe kwa jiwe hadi kona ya mwisho. Wenye duka la viatu walidhani nasali.

Na kuna jiwe moja, lenye kovu la mviringo, nimelikuta mara sita. Nimelitawanya kadiri nilivyoweza, lakini kila nikipita pale nayaona yote sita yananitazama. Umeziuza hizi sura kwenye nyumba ngapi? Jibu. Nisingekuwa nimeapa, ningekupigia simu sasa hivi ukanisikia vizuri.

Kaka yako


30 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Ndiyo, ni yako. Niliyachukua kwenye nyasi nyuma ya nyumba ya baba. Ni yale uliyomchongea yule mwenye nyumba aliyebadili mawazo akataka vigae. Yalikaa pale mpaka mijusi ikayafanya yake.

Nilipofungua karakana nilianza kwa kutengeneza kalibu kutokana na mawe ya kuokota machimboni. Watu waliyatazama, wakauliza bei, wakaenda zao. Siku nilipotoa la kwanza kwa kalibu ya jiwe lako, mama mmoja alilipapasa, akalipapasa tena, akasahau kuniuliza bei. Nilipaswa kukuandikia siku ileile. Niliogopa utakataa, na ungekataa.

Siku ya kaburi nilikuona unajaribu kuinua lile jiwe la upande wa kichwani, ukakwama katikati, ukajifanya unafunga kamba ya kiatu. Ulikuwa umevaa ndala. Nikawaza kwamba tukibandika haya, baba atafunikwa na kazi ya mikono yako na wewe hutaumia. Nisingeweza kusema hivyo mbele ya shangazi na umati wote ule. Nikasema tu kwamba ni mepesi na ni nafuu. Sijawahi kukuambia neno baya kuliko hilo, na limenikaa rohoni tangu siku ile.

Uliniuliza kwa nini hapa ni ghali na pale ni rahisi. Nikakueleza saruji, rangi, subira na mpira. Yote ni kweli, lakini nilikuficha moja. Saruji yangu mtu yeyote ataipata dukani. Jiwe la kwanza, lile la kutengenezea kalibu, wengine hawanalo.

Umeuliza nyumba ngapi. Ni nyumba thelathini na moja, shule moja, na hoteli ndogo iliyoko njia panda. Fungu lako la zote hizo lipo, nililitenga tangu mwanzo, sikujua tu nilipeleke kwa mlango gani.

Sasa nimeshikwa pabaya. Mawe yako ninayo ishirini na matatu tu, na umeona mwenyewe sura zinavyojirudia. Benki wanataka sura mpya, ukuta wao ni mpana na wana macho. Nimejaribu kuchonga mwenyewe, yakatoka kama viazi. Namhitaji mtu mwenye shoto na ubishi, akae kwenye kiti, aletewe jiwe mezani, na asinyanyue kitu kizito kuliko kikombe. Simtafuti kwa huruma. Bila yeye benki inaondoka, na nikimpoteza mteja huyo nitabaki kuuza viazi.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Usiizoee.

Barua yako niliisoma mara moja kimya na mara moja kwa sauti, shemeji yako akisikiliza. Yeye alilia. Mimi nilikuwa natafuta miwani. Baadaye akaniambia kwamba miwani nilikuwa nimeivaa.

Nilikwenda kwa shangazi anifungulie kiapo. Akasema hakumbuki kama niliwahi kuapa. Nikamwambia anakumbuka vizuri sana, yeye ndiye aliyekuwa karibu yangu. Akasema haya basi, amenifungulia, nimwache amalize kufua.

Haya ni masharti yangu. Kiti kiwe na egemeo. Jiwe la kuchonga liwe limetoka ardhini, saruji sitaigusa. Wakati nikigonga, redio izimwe. Neno kuoka nitalitamka mimi peke yangu, wengine mtanyamaza. Na tindo yangu asiinoe mtu.

Daktari naye anataka ukuta wa ndani, wa chumba cha kusubiria. Nimemwambia atapata sura mpya ambazo hazijawahi kubandikwa popote, na kwa sababu hiyo bei yake ni nyingine. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni ubora, kijana.

Mdogo wangu, mgongo umekwisha. Hili sijawahi kuliandika wala kulisema, na hata sasa kalamu inakataa. Nilijua tangu siku nyingi. Nilikuwa nikilala pale sakafuni najihesabia kuta nilizojenga, na hesabu ikifika mahali inasimama, kwa kuwa hakuna nyingine inayokuja. Niliona aibu, na niliogopa sana. Sasa unaniambia kuna nyumba thelathini na moja ambazo sikuzitia kwenye hesabu.

Nakuja Alhamisi na lori, nimekwisha kumwambia dereva aniwekee nafasi ya mbele. Kabla hujanionyesha hicho kiti nataka kuziona nyumba hizo zote, na shule, na hoteli. Twende taratibu, tusimame kwenye kila moja. Usiwaambie watu mimi ni nani. Wakiuliza, waambie.

Kaka yako